Moksa, magoti yenye maumivu na nyayo zisizohisi moto

Swali la msomaji kutoka Tanga: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 63, na huu ni mwaka wa 12 anaishi na kisukari. Magoti yanamsumbua, hasa alfajiri anapoinuka kwenye mswala, na usiku nyayo zinakufa ganzi. Tulimpeleka kwenye kliniki ya tiba ya Kichina, wakashauri achomewe majani magotini na chini ya nyayo mara tatu kwa wiki. Wanasema moto huo utaitoa baridi mwilini, ganzi itakwisha, na baadaye ataweza kupunguza vidonge vya sukari. Jirani anasema hayo ni mambo ya kufukiza mizimu. Mjomba anasema ndiyo kule kuchomwa moto tulikokatazwa. Je, ni tiba ya kweli, na inamfaa mama?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile lisiloweza kungoja. Usikubali moto wa aina yoyote usogezwe kwenye nyayo za mama yako, na asipunguze hata kidonge kimoja cha sukari kwa ushauri wa mtu ambaye si daktari anayemtibu kisukari. Kuhusu magoti, jibu ni tofauti: tiba hiyo, inayojulikana kama moksa, inaweza kumpa nafuu, kwa masharti nitakayoyaeleza. Ni tiba ya kweli kwa maana ya kwamba ina historia ndefu, ina utaratibu unaofundishwa vyuoni, na kuna jambo halisi linalotokea mwilini pale joto linapokutana na ngozi. Lakini ukweli huo hauihalalishi kila ahadi inayotolewa kwa jina lake.

Tiba yenyewe Wachina huiita *jiu*, nayo ni nusu ya pili ya neno *zhenjiu*, yaani sindano na moto, kwa kuwa kwao mambo haya mawili ni fani moja. Jina linalotumika zaidi duniani, moksa, lilitokana na neno la Kijapani *mogusa*, likachukuliwa na watu wa Ulaya waliofanya biashara Mashariki ya Mbali katika karne ya 17. Mhubiri mmoja Mholanzi aliyeishi Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo, Hermann Busschof, aliugua jongo, akachomewa moksa na mganga mwanamke wa huko huko, akapata nafuu, na kitabu chake kuhusu jambo hilo kikachapwa Amsterdam mwaka 1674.

Mmea unaotumika ni wa jamaa ya pakanga, ile ile ambayo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaikumbuka kama jina la nyota chungu katika kitabu cha Ufunuo. Ndugu yake mmoja, pakanga ya Kiafrika, huota nyanda za juu za Tanzania na Kenya, na mwingine ndiye aliyeupa ulimwengu dawa ya malaria ya atemisinini, iliyompatia mtafiti wa Kichina Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea wa moksa Wachina huuita *ai*, na ule unaosifiwa zaidi hutoka Qichun katika jimbo la Hubei, alikozaliwa Li Shizhen, tabibu mkubwa wa dawa za mimea wa karne ya 16. Huvunwa karibu na siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda yao ya mwezi, wakati ambapo watu pia hutundika vishada vyake milangoni.

Ukigeuza jani la *ai* utaona upande wa chini ni mweupe, kama lililopakwa unga. Weupe ule ni vinyweleo vidogo sana, na ndivyo vinavyotafutwa. Majani hukaushwa, huwekwa ghalani mwaka au zaidi, kisha hutwangwa na kuchekechwa tena na tena mpaka sehemu ya kijani yote ianguke kama vumbi na kibaki kitu laini cha rangi ya dhahabu iliyofifia, kinachofanana na sufi ya mto wa kulalia. Sufi ya daraja la juu huhitaji kilo 30 za majani ili kupata kilo moja. Ukiisokota kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada inashikamana bila gundi, na ukiiwasha haitoi ulimi wa moto. Huungua polepole kwa kaa jekundu, kama udi kwenye chetezo. Sababu ya kuchagua mmea huu ni hiyo kwanza: huwaka taratibu na kwa joto linaloweza kutawaliwa. Kuhifadhi kwa muda mrefu ni jambo la kale mno. Mencius, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwasema watawala waliochelewa kutenda mema kuwa ni sawa na mgonjwa wa miaka saba anayetafuta *ai* iliyokaa miaka mitatu.

Namna za kuichoma ni nyingi, na hapa ndipo unapopaswa kuiuliza kliniki ile ilikuwa inakusudia ipi, maana hatari zake hazilingani hata kidogo. Namna ya kale ni kuisokota sufi iwe koni ndogo, kuiweka moja kwa moja juu ya ngozi na kuiacha iungue mpaka mwisho, hadi litoke lengelenge, usaha, na hatimaye kovu. Zamani kovu hilo lilitakiwa. Sun Simiao, tabibu mashuhuri wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 682, aliwashauri watu wanaosafiri kwenda nchi za kusini zenye homa wawe daima na vidonda viwili vitatu vya moksa mwilini ambavyo havijapona. Katika Jumba la Taifa la Makumbusho mjini Taipei kuna mchoro wa enzi ya Song, unaohusishwa na mchoraji Li Tang, unaoonyesha tabibu wa kijijini akimchoma mzee mgongoni. Mgonjwa amepanua kinywa kwa ukelele huku watu wamemshika asikimbie. Humkaribishi mama yako kwenye hilo.

Namna ya pili huweka kitu kati ya moto na ngozi, mara nyingi kipande cha tangawizi mbichi chenye unene wa milimita mbili au tatu, kilichotobolewa matundu kwa sindano. Koni ya moksa hukaa juu yake. Tangawizi hupata joto, hutoa maji yake, na mgonjwa huhisi uvuguvugu unaopenya taratibu. Ya tatu, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi siku hizi, ni fimbo ya moksa iliyoviringishwa kwenye karatasi, yenye urefu wa sentimita 20 hivi na unene wa kidole. Tabibu huiwasha ncha, akaishika sentimita tatu hivi juu ya goti kwa dakika 10 hadi 15, ama akiituliza, ama akiizungusha, ama akiisogeza na kuirudisha kwa namna wanayoiita shomoro anayedonoa. Fimbo ikishikwa vizuri haiachi kovu wala lengelenge. Ngozi huwa nyekundu na yenye joto, basi.

Kwa hiyo mwambie jirani yenu kwamba hapa hapaitwi mzimu wala pepo. Moshi upo kwa sababu jani linaungua. Na mjomba amekumbuka jambo lenye msingi, kwani imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume alitaja ponyo katika mambo matatu, unywaji wa asali, chale za kuumika na kuchoma kwa moto, kisha akasema anauzuia umma wake kuchoma. Hukumu ni ya masheikh na mimi si mmoja wao. Ninachoweza kumweleza, ili akaulize akiwa na picha sahihi, ni kwamba fimbo iliyoshikwa mbali haiunguzi nyama ya mwili, tofauti na chuma cha moto kilichozoeleka Oman na kwingineko Uarabuni, na tofauti na koni inayoachwa iungue juu ya ngozi.

Sasa kuhusu "baridi mwilini". Madaktari wa kale wa China waliamini kwamba mwili una mikondo ipitishayo nguvu waliyoiita *qi*, na kwamba baridi na unyevu vikiingia kwenye mikondo hiyo vinaiziba, ndipo maungio yanapouma. Moto ukaonekana ndiyo dawa iliyo wazi. Fikra hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani: kwenye kaburi la Mawangdui karibu na Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa mwaka 1973, yalipatikana maandishi juu ya hariri yanayoeleza mikondo 11, na tiba inayotajwa humo ni kuchoma, si sindano. Sisi wenyewe tumerithi fikra iliyo jirani na hiyo bila kujua. Tunaposema mtu ana baridi yabisi tunatumia maneno ya Kiarabu yenye maana ya baridi na ukavu, yaliyotoka kwenye utabibu wa Wayunani uliotufikia kupitia kwa Waarabu. Mchina alilaumu baridi na unyevu, Myunani baridi na ukavu, na wote wawili walikuwa wakilitazama goti lile lile. Naipenda historia hii na nimeisoma kwa miaka, lakini goti la mwanamke wa miaka 63 linauma mara nyingi zaidi kwa sababu gegedu linalofunika ncha za mifupa limelika, na hakuna joto linalolirudisha.

Joto hufanya nini basi? Linatanua mishipa midogo ya damu, linalegeza misuli iliyokaza kuzunguka goti, na linaamsha vipokezi vya joto katika neva za ngozi. Kimoja cha vipokezi hivyo hufunguka joto linapokaribia nyuzi 43 za Selsiasi, na ndicho hicho hicho kinachofunguka tunapokula pilipili. David Julius aliyekigundua alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Habari inayopanda kutoka kwenye ngozi hushindana na habari ya maumivu njiani kuelekea kwenye ubongo, na mtu anapata nafuu ya saa kadhaa, pengine siku kadhaa. Tafiti zilizofanywa China kwa wagonjwa wa magoti zimeonyesha mara nyingi nafuu ya maumivu na wepesi wa kutembea, ila nyingi ni ndogo, na kuna ugumu usioepukika: huwezi kumficha mgonjwa kama amepashwa joto au hakupashwa, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha kazi ya moksa na kazi ya matumaini, ya mapumziko na ya mkono wa mtu anayekuhudumia kwa utulivu kwa robo saa.

Ushahidi uliofuatiliwa kwa makini zaidi hauhusu hata magoti. Unahusu mtoto aliyekaa vibaya tumboni, akitanguliza makalio, ambapo fimbo ya moksa hushikwa karibu na kona ya nje ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu wa mama. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa wanawake 260 wa jimbo la Jiangxi waliokuwa na mimba ya kwanza. Miongoni mwa waliopata moksa watoto asilimia 75 waligeuka kufikia wiki ya 35, dhidi ya asilimia 48 ya wasioipata. Uliporudiwa Italia, ulisimamishwa njiani baada ya wanawake 123, kwa kuwa wengi walishindwa kuendelea, na tofauti haikuonekana. Uswisi nako tofauti haikuonekana. Naitaja habari hii kwa sababu inafundisha namna ya kusikiliza ahadi: hata pale tiba hii ilipopimwa vizuri kuliko kwingine, majibu yalipishana. Anayekuahidi kwa uhakika wote kwamba ganzi ya kisukari itakwisha hana msingi wa uhakika huo.

Nije kwenye nyayo, ambako ndiko moyo wangu uliko tangu nisome barua yako. Anayeshika fimbo ya moksa hana kipimajoto. Kipimo chake ni mgonjwa mwenyewe: "Hapo sawa", "Hapo inauma, ondoa". Nilipokuwa mwanafunzi tuliwekwa kumhudumia mzee mmoja mpole mwenye kisukari. Nilikuwa nimeishika fimbo juu ya mguu wake, nikamuuliza kama anahisi joto, akasema hapana, mwanangu, sogeza karibu kidogo. Nikasogeza. Nikauliza tena, akasema bado. Mwalimu alipita nyuma yangu, akanishika mkono na kuuondoa bila kusema neno. Ngozi ilikuwa imeshaanza kung'aa, ule mng'ao wa kabla ya lengelenge, na mzee alikuwa anatabasamu. Hakuhisi chochote. Kidonda kile kilichukua wiki saba kufunga, na sijakisahau.

Ndivyo ganzi ya kisukari ilivyo. Sukari ikiwa juu kwa miaka huharibu neva ndefu kwanza, zile za nyayo, na mtu hupoteza kengele inayomwambia aondoe mguu motoni. Ngozi huungua kwa joto na muda kwa pamoja: kwenye nyuzi 44 inahitaji saa kadhaa, lakini kwenye nyuzi 60 sekunde tano tu zinatosha, na ncha ya fimbo inayowaka ina joto la mamia ya nyuzi. Umbali wa sentimita tatu na umbali wa sentimita moja ni tofauti ya nafuu na kidonda. Kisha kidonda hicho kinakaa kwenye mguu ambao damu huufikia kwa taabu na ambao hauwezi kumlalamikia mwenyewe, kinaingia uchafu, na mwisho wake katika wodi zetu mnaujua. Kwa mgonjwa wa namna hii marufuku hiyo haiishii kwenye moksa. Inahusu pia chupa ya maji ya moto, beseni la maji ya chumvi, mchanga wa moto na matofali yaliyopashwa jikoni.

Hata hivyo ganzi isiachwe hivi hivi. Mpeleke kliniki ya kisukari aombe kupimwa miguu. Kipimo ni rahisi: uzi mgumu wa nailoni unaojikunja kwa uzito wa gramu 10 huguswa sehemu mbalimbali za wayo huku mgonjwa amefumba macho, na kila anapouhisi anasema. Na kama anatumia metformini kwa miaka yote hiyo, muulize daktari kuhusu vitamini B12, kwa sababu matumizi ya muda mrefu ya dawa hiyo huweza kuishusha, na upungufu wake wenyewe huleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari. Huo unatibika. Ingekuwa huzuni kubwa kumchoma mama moto nyayoni kwa miezi kumbe alihitaji sindano chache za vitamini.

Magoti sasa. Kama kipimo kitaonyesha kwamba ngozi ya magotini inahisi vizuri, na kwa kawaida ganzi huanzia vidoleni na kupanda kidogo kidogo, sina pingamizi na fimbo ya moksa iliyoshikwa mbali, au moksa juu ya tangawizi, mradi wewe au ndugu mwingine awepo chumbani. Mtaalamu aweke kidole chake mwenyewe kwenye ngozi ya mama kando ya sehemu inayopashwa, ili mkono wake uhisi kile anachohisi mgonjwa. Aliyefundwa vizuri hufanya hivyo bila kuombwa, na asiyefanya nisingemwachia goti la mzazi wangu. Kukiwa na kidonda, wekundu, uvimbe wa ghafla au homa, siku hiyo asichomwe. Dirisha liwe wazi, kwani moshi wa moksa una chembe ndogo ndogo na hewa ya ukaa kama moshi mwingine wowote, na kama mama ana pumu basi aache kabisa. Koni ya kuungua juu ya ngozi ikataeni, hata mkiambiwa ndiyo yenye nguvu. Wapeni wiki nne. Ikiwa baada ya hapo kuinuka kwenye mswala hakujawa kwepesi kwa namna anayoweza kuieleza mwenyewe, hamna haja ya kuendelea kulipa. Wakati huo huo mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, na kupunguza uzito kama amezidi, vina ushahidi mzito zaidi kwa magoti kuliko moksa, na mtaalamu wa viungo hospitalini anaweza kumwonyesha mazoezi ya kufanya akiwa amekaa kitini.

Kuhusu vidonge vya sukari, sitaki ubaki na shaka yoyote. Moksa haijaonyeshwa kuchukua nafasi ya dawa za kisukari. Nchini Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na shirika la Uingereza liitwalo Moxafrica walijaribu koni ndogo za moksa kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na hata wao waliiongeza juu ya dawa za kawaida. Hakuna mgonjwa aliyeambiwa aache vidonge vyake. Tabibu wa Kichina anayeiheshimu fani yake anaijua mipaka hiyo. Fani yenyewe ina heshima ya kutosha. Mwaka 2010 UNESCO iliiandikisha *zhenjiu* katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, kwenye kikao kilichofanyika Nairobi, na haihitaji kupambwa kwa ahadi za kupunguza dawa.

Leo usiku, kabla mama hajalala, mwombe akuruhusu utazame nyayo zake kwa tochi, katikati ya vidole na visiginoni, kisha umwulize kama kuna mahali ameshachomwa. Ukiona lengelenge, doa jeusi, au ngozi inayong'aa bila maumivu, usilipasue wala usilipake kitu. Lifunike kwa shashi safi na kesho asubuhi mfike hospitali.